SOMO: Jinsi ya kusoma takwimu za dawa za asili kabla hujaamini na kabla hujabisha

Wadau habari zenu. Mijadala ya dawa za asili siku hizi inaishia pabaya, mmoja anasema "watu 200 wamepona", mwenzie anajibu "huo ni ushirikina", yanafuata matusi, na hakuna hata mmoja aliyeuliza hao 200 ni kati ya wangapi. Mimi niseme wazi naamini miti inatibu, ipo iliyothibitishwa na nitaitaja, na ndio maana naumia nikiona mti mzuri unatetewa kwa hesabu mbovu au unapondwa kwa hesabu mbovu vilevile. Basi twende hatua kwa hatua, shika kalamu.

HATUA YA 1: Lazimisha dai liwe moja

Dawa inayotibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, uzazi na nguvu za kiume kwa pamoja huwezi kuipima, utapima kipi uache kipi? Muulize muuzaji ugonjwa upi, na "kupona" maana yake nini. Mgonjwa wa kisukari akisema mwili umekuwa mwepesi nafurahi kwa ajili yake, ila hiyo sio sukari kushuka. Hata kile kipimo cha kidole cha asubuhi moja hakitoshi maana kinapanda na kushuka kutegemea na ulichokula na ulivyolala, kuna kipimo kinaitwa HbA1c kinaonyesha sukari ilivyokuwa kwa kama miezi mitatu nyuma, ombeni hicho. Malaria hivyohivyo, homa yake ina kawaida ya kuja na kuondoka kwahiyo homa kutulia leo jioni haitoshi, kipimo cha damu kabla na baada.

HATUA YA 2: Uliza kati ya wangapi

Mnaikumbuka Loliondo ya 2011, kaskazini mwa Tanzania. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, Babu, alikuwa akitoa dawa ya mitishamba kijijini Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, foleni ya magari kilomita kwa kilomita na watu wanavuka mpaka kutoka Kenya kumfuata. Shuhuda zilikuwa nyingi na sidhani kama waliotoa walikuwa waongo. Lakini jiulize nani anapata nafasi ya kushuhudia. Aliyekunywa akapata nafuu anaongea kila mahali, aliyekunywa akarudi kwao akafia nyumbani hana wa kumsemea, na wapo wagonjwa waliofariki njiani na kwenye foleni kabla hata hawajakifikia kikombe, hao hawaingii kwenye hesabu yoyote ya dawa.

Tuseme kwa mfano tu wamekunywa watu 10,000 na 50 wakapata nafuu. Shuhuda 50 zinatosha kujaza redio mwezi mzima, nchi nzima itaamini, na bado ni nusu ya asilimia moja. Kuhesabu waliopona peke yao ni kama timu kuhesabu magoli iliyofunga bila kuhesabu iliyofungwa.

HATUA YA 3: Wasiokunywa ilikuwaje?

Hapa tukae kidogo, ukishika hii hatua hata ukisahau zingine zote umepata somo.

Februari 2020 China walitoa uchambuzi wa wagonjwa 44,672 waliothibitishwa kuwa na korona. Waliofariki ni 1,023, yani asilimia 2.3, na asilimia 81 ya wagonjwa ugonjwa wao haukuwa mkali. Kwa lugha nyepesi kwenye kundi kama lile kati ya wagonjwa 100 karibu 98 hawakufa, na ilikuwa hakuna dawa ya korona iliyothibitishwa.

Aprili mwaka huohuo Rais Andry Rajoelina wa Madagaska akazindua Covid-Organics, kinywaji chenye mmea wa artemisia alichosema kinatibu korona, na Mei ndege ya Tanzania ikaenda kukichukua. Sasa mtu akija akakwambia nimewapa wagonjwa 100 kinywaji changu 97 wamepona, unaona shida iko wapi? Ukiwapa hao 100 maji ya ndimu, uji wa ulezi au usiwape kitu, idadi itakuwa ileile au karibu yake. Hiyo 97 haisemi kinywaji kimesaidia, haisemi kimedhuru, haisemi hakijafanya kitu. Haisemi chochote mpaka uiweke pembeni ya watu wengine wanaofanana nao ambao hawakunywa.

Na wale wa upande wa pili msishangilie. Julai 2020 hospitali za Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, zilipozidiwa na wagonjwa watu wakasema mnaona dawa yao haifanyi kazi. Hapana jamani! Waliolazwa walikunywa au hawakunywa? Wangapi walikunywa wakabaki nyumbani? Kama hatukubali ushuhuda wa kutetea bila kundi la kulinganisha tusikubali na wa kuponda.

Kingine kwenye hatua hii, watu huenda kwa mganga pale wanapokuwa wamezidiwa kabisa. Maumivu ya mgongo, pumu, ukurutu, haya yanapanda na kushuka yenyewe, ukianza dawa yoyote siku yamefika juu kabisa kuna uwezekano mkubwa wiki ijayo yatakuwa yameshuka na dawa itapewa sifa.

HATUA YA 4: Nani alipanga nani anywe, na walikuwa wanatumia nini kingine

Wanaofuata dawa mbali ndio wenye nauli, wenye ndugu wa kuwasindikiza na wenye nguvu ya kusafiri. Ukiwalinganisha na waliobaki kitandani utaona wao wanaishi zaidi hata kama walipewa chai. Ndio maana watafiti wanapanga watu kwa bahati nasibu, kama kura, sio kwa anayetaka.

Mfano unaoniuma ni Gambia. 2007 Rais Yahya Jammeh alitangaza ana mitishamba inayoponya ukimwi na wagonjwa wakaachishwa ARV. Sampuli za damu zikapelekwa maabara Dakar, baadhi zikakutwa na virusi vichache mno, serikali ikatangaza ushindi. Profesa Souleymane Mboup wa maabara ileile akakataa, hakukuwa na kipimo cha kabla ya dawa, na kipimo kimoja hakithibitishi kwamba mtu amepona. Mtu aliyekuwa kwenye ARV anaweza kuwa na virusi visivyoonekana kwenye kipimo kabla hata hajaonja huo mti, kwahiyo sifa za ARV zikahamia kwenye chungu. Akiacha ARV virusi vinarudi, na hapo kamera zimeshaondoka.

HATUA YA 5: Asilimia ya nini?

"Inapunguza vifo kwa theluthi." Theluthi ya ngapi? Chukua deksamethasoni, dawa ya hospitali ya bei rahisi iliyojaribiwa Uingereza 2020 kwa wagonjwa wa korona waliolazwa, wagonjwa 2,104 walipewa na 4,321 wakapata huduma ya kawaida. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilikuwa asilimia 41.4 bila dawa na 29.3 kwa waliopewa. Kwa waliokuwa na oksijeni tu 26.2 na 23.3. Kwa wasiohitaji oksijeni 14.0 bila dawa na 17.8 kwa waliopewa, yani hakuna faida, na huenda ilikuwa na madhara. Dawa moja, ugonjwa mmoja, majibu matatu! Anayekwambia mti wake "unafaa kwa asilimia 90" bila kusema kwa nani na ukilinganisha na nini hajakwambia kitu.

HATUA YA 6: Idadi ndogo haimalizi ubishi

Kuna kanuni fupi ya hesabu. Ukiwapa watu dawa na hakuna aliyedhurika, gawanya 3 kwa idadi yao. Watu 30 hawajadhurika? 3 gawanya 30 ni asilimia 10, maana yake bado inawezekana mtu mmoja kati ya kila kumi anadhurika na bahati tu haijamkuta wa kwenu. Wakiwa 3,000 ndio unashuka hadi mmoja kati ya elfu. Kwahiyo "tumeitumia ukoo mzima haina madhara" ni taarifa nzuri lakini ni ya ukoo, na madhara ya figo na ini yanachukua muda hadi kuonekana.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwetu jiwe la nyoka, lile linalowekwa kwenye jeraha linyonye sumu, limeokoa watu tangu enzi za babu, nimeshuhudia kwa macho. Hapo unasemaje?

Jibu: Ndugu yangu hilo ndio hatua ya 3 yenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 5.4 wanang'atwa na nyoka kila mwaka na kati yao milioni 1.8 hadi 2.7 ndio wanaopata sumu. Yani kwa nusu na zaidi ya wanaong'atwa, nyoka hakuwa na sumu au hakuitoa. Ukiweka jiwe kwa wote, nusu "watapona" na jiwe litajengewa heshima kijiji kizima. Wale waliopata sumu kweli wanahitaji dawa ya kuzuia sumu hospitali, na muda uliotumika kusubiri jiwe linyonye ndio muda waliokuwa nao. Tafadhali hili usilijaribu kwa mtu.

Swali: Mbona kila siku tunaambiwa asilimia 80 ya Waafrika wanatumia dawa za asili? Wote hao wajinga?

Jibu: Hapana, sio wajinga hata kidogo, wengi ndio huduma iliyo karibu nao na wanayoimudu. Ila kutumia sio kupona. Hiyo 80 imezunguka miongo mingi, ukikutana nayo uliza ilipimwa lini, nchi gani, na kutumia tangawizi ukiwa na mafua kunahesabika?

Swali: Shangazi anatumia metformini, vidonge vya kisukari, na unga wa mlonge, sukari imeshuka, anataka kuacha vidonge. Tumruhusu?

Jibu: Asiache dada. Vitu viwili vikitumika pamoja huwezi kujua kipi kimeshusha. Aende kliniki awaambie ukweli kuhusu mlonge, apimwe HbA1c, na daktari ndiye aamue kama dozi ipungue. Muwe macho pia na sukari kushuka kupita kiasi: kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa.

Swali: Unaponda vyetu kwasababu umesoma vya wazungu.

Jibu: Mseto, ALu tunayomeza ya malaria, asili yake ni mmea. Mtafiti Tu Youyou wa China alianzia kwenye maandishi ya tabibu wa kale Ge Hong ya zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, akagundua kuchemsha kunaharibu dawa, akabadilisha namna ya kuitoa kwenye majani, ikajaribiwa kwa wanyama na kwa watu, na 2015 akapewa Nobel. Vinkristini wanayopewa watoto wenye saratani ya damu inatoka kwenye ua la asili ya Madagaska. Hapa kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili kina taasisi ya tiba asili iliyoanza kama kitengo cha utafiti 1974. Na dawa za hospitali nazo zinapita kipimo hikihiki, Vioxx ya maumivu iliondolewa sokoni 2004 baada ya majaribio kuonyesha inaongeza shambulio la moyo na kiharusi. Kuheshimu mti ni kuupima, kuuogopea kipimo ndio kuudharau.

Swali: Mimi ni mganga wa mitishamba, nimerithi kwa mama. Sina hela ya utafiti, nianzie wapi?

Jibu: Shikamoo, na swali lako limenifurahisha kuliko yote. Anza na daftari. Kila mgonjwa anayeingia muandike siku anayokuja, kabla hujajua atapona au la, usimchague. Andika umri, ugonjwa, kipimo cha hospitali kama anacho, kama hana mtume akapime kwanza. Andika dawa zingine anazotumia, na dozi yako kwa kipimo kinachoeleweka, sio "kiganja". Chukua namba ya simu. Baada ya muda ule uleule kwa wote mpigie kila mmoja, asiyepatikana muandike "haijulikani" na usimuweke kwa waliopona. Waliofariki waandike pia, najua inauma. Daftari likishika mamia ya watu lipeleke Muhimbili au NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, pamoja na sampuli ya mmea wenye majani na maua ili waujue ni upi, na kabla hujawaeleza siri ya mchanganyiko waulize haki zako zitalindwaje kwa maandishi.