Kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe: mtafute mchawi kabla hujanunua kifaa

Kosa linalowagharimu wengi ni kuanza na bisibisi. Mashine ikijiwasha upya mara tatu, mtu ananunua pawa saplai (boksi linaloigawia mashine umeme). Tatizo likibaki, ananunua RAM (kumbukumbu ya muda). Likibaki tena, anapiga Windows upya na mafaili yanakwenda na maji. Somo hili linaanzia kwingine: ni nani aliyezima? Wanaoweza kuzima ni watatu tu. Windows iliamua (sasisho au hitilafu), bodi mama iliamua (joto, kitufe, au ishara mbaya ya umeme), au umeme ulipotea bila yeyote kuamua. Kila mmoja huacha alama yake, na kuzisoma alama hizo ni bure.

Tazama namna inavyozimika

Usiguse kitu kwanza. Likitokea tena, angalia mambo mawili: skrini na feni.

Ukiona maandishi ya "Restarting" na vidoa vinavyozunguka, hiyo ni Windows inafunga kwa utaratibu, karibu kila mara kwa sababu ya sasisho. Ikipita skrini ya bluu kwa sekunde moja (nyeusi kwenye matoleo mapya ya Windows 11), Windows imekutana na hitilafu na kuamua kuanza upya. Picha ikikatika ghafla bila maandishi yoyote, feni zikiendelea kuzunguka, kisha nembo ya mtengenezaji ikatokea, hapo bodi mama ndiyo iliyopigwa reset. Kila kitu kikifa, taa na feni pamoja, umeme ndio uliokatika, au bodi mama imeukata kwa sababu ya joto.

Hilo la mwisho huwachanganya watu: kama umeme ulikatika, mbona mashine iliwaka yenyewe? Jibu liko BIOS, mipangilio ya bodi mama inayofunguliwa kabla Windows haijaanza. Kuna kipengele ambacho kwa kawaida huitwa "Restore on AC Power Loss" au jina linalofanana nalo. Kikiwekwa "Power On", mashine huwaka pale tu umeme unaporudi, na mtu akitoka chumbani na kurudi ataapa kwamba ilijiwasha upya. Kiweke "Power Off" kwa muda wote wa uchunguzi, ili kukatika kwa umeme kuonekane kama kuzimika.

Hatua ya 1: Inyang'anye Windows ruhusa ya kujiwasha

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, Enter. Nenda Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery. Ondoa tiki kwenye "Automatically restart", halafu OK.

Ni kazi ya nusu dakika, na ndiyo hatua yenye faida kuliko zote zinazofuata. Tangu sasa, kama hitilafu ni ya Windows au draiva (programu inayoendesha kifaa), skrini itaganda na msimbo wake utaupiga picha kwa simu. Kama mashine bado inajiwasha upya bila kuonyesha skrini hiyo wala maandishi ya "Restarting", usipoteze muda na programu. Nenda moja kwa moja kwenye umeme na vifaa.

Hatua ya 2: Soma kumbukumbu za matukio

Windows + R tena, andika eventvwr.msc. Fungua Windows Logs, kisha System, tafuta saa ambayo mashine ilizimika, usome namba iliyo kwenye safu ya Event ID.

Namba 1074 ina maana kuna programu au mtumiaji aliyeomba kuzima, na jina la programu hiyo limeandikwa humo. Ikiwa ni sasisho, panga "Active hours" kwenye mipangilio ya Windows Update. Unaweza kutenga hadi saa 18 ambazo Windows haitajiwasha upya. Tatizo limeisha, funga kitabu.

Namba 6008 inasema tu kwamba kuzima kwa mara iliyopita hakukutarajiwa. Namba 1001 yenye chanzo BugCheck inabeba msimbo wa skrini ya bluu. Ukikuta WHEA-Logger, kifaa chenyewe kimelalamika: prosesa, RAM au kadi iliyochomekwa kwenye bodi.

Halafu kuna 41, Kernel-Power, ambayo watu huinakili kila mahali kana kwamba ndiyo ugonjwa. Namba 41 ni taarifa ya msiba, si cheti cha sababu ya kifo. Huandikwa mashine inapowaka tena, kusema kwamba haikuzimwa vizuri. Chenye thamani kiko ndani yake: fungua Details, tafuta BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika, na mshukiwa wa kwanza ni umeme. Ikiwa si 0, namba hiyo iko katika mfumo wa desimali, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kuitafuta: 292 ni 0x124 (hitilafu ya kifaa), 278 ni 0x116 (kadi ya picha au draiva yake), 26 ni 0x1A (RAM), 122 ni 0x7A (diski, au kebo yake). Angalia pia PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kitufe cha kuwashia kilibonyezwa, na mara nyingine ni kitufe kibovu kinachojibonyeza chenyewe.

Mwenye Linux atumie journalctl -b -1 -e, asome mistari ya mwisho kabla ya kuzimika. Ikikatika katikati bila dalili yoyote ya kufunga, ni sawa na ile 0 ya Windows.

Hatua ya 3: Joto

Prosesa nyingi za leo hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100 za Selsiasi, na zikizidi hapo mashine hukata umeme. Kwa hiyo joto kwa kawaida *huzima*, na mashine hubaki imezimika. Kama yako inajiwasha upya mara moja na kuendelea na kazi, usiweke joto juu ya orodha.

Hata hivyo pima. Fungua HWiNFO (programu ya kusoma joto la vifaa), acha mashine imetulia dakika 10. Ikiwa prosesa ya mezani iko juu ya nyuzi 70 bila kazi yoyote, upoozaji una kasoro: vumbi, feni iliyokufa, hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa) isiyokaza, au ile plastiki nyembamba ya kiwandani iliyosahaulika chini ya hitisinki. Unapopuliza vumbi, shikilia feni kwa kidole isizunguke. Pesti ya zamani iliyo kati ya prosesa na hitisinki ifute kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, weka mpya kiasi cha punje ya njegere katikati, kisha kaza skrubu kwa msalaba, kidogo kidogo.

Hatua ya 4: Umeme na pawa saplai

Hapa ndipo kesi nyingi za "BugcheckCode 0" huishia. Pawa saplai huipelekea bodi mama ishara ya kusema voltiji zote ziko sawa. Ishara hiyo ikishuka, hata kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, bodi mama huishikilia prosesa kwenye reset. Ishara ikirudi, kazi inaanza mwanzo, kama vile umebonyeza kitufe cha reset. Ndiyo sababu pawa saplai iliyochoka huleta kujiwasha upya badala ya kufa kabisa, na ndiyo sababu hutokea mzigo unapopanda ghafla.

Anza na vya bure. Toa waya wa umeme nyuma ya kasha, uchomeke tena mpaka mwisho. Ondoa ekstensheni, chomeka moja kwa moja ukutani. Mashine ikiwa imezimwa na waya umetolewa, kandamiza plagi ya pini 24 na ile ya pini 8 iliyo karibu na prosesa. Plastiki iliyogeuka kahawia pale ina maana muunganiko ulilegea na kuungua.

Sasa jaribio ambalo wengi hulisahau: chomoa waya mdogo wa RESET SW kwenye bodi mama. Kitufe cha reset kilichonasa au chenye waya uliochubuka hutoa dalili zilezile za pawa saplai mbovu. Huhitaji kitufe hicho, tumia mashine siku mbili bila hicho.

Mwenye multimita apime kwenye plagi ya pini nne (Molex) isiyotumika, mashine ikiwa kazini. Ncha nyeusi kwenye waya mweusi, nyekundu kwenye wa njano: iwe kati ya volti 11.4 na 12.6. Waya mwekundu: 4.75 hadi 5.25. Usiruhusu ncha moja iguse pini mbili. Ujue mipaka ya kipimo hiki lakini: voltiji nje ya mipaka inahukumu pawa saplai, voltiji ndani ya mipaka haiisafishi, kwa kuwa multimita haioni mshuko wa milisekunde. Hukumu kamili ni kuazima pawa saplai nzima inayojulikana kuwa ni salama.

Tahadhari mbili. Usifungue pawa saplai yenyewe, kapasita zake huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Na unapobadilisha yenye kebo za kuchomoa, tumia kebo zake zenyewe. Plagi za upande wa pawa saplai huingiana lakini mpangilio wa pini hutofautiana, na diski zote huweza kuungua kwa sekunde moja.

Hatua ya 5: RAM

Ingia BIOS, zima XMP au EXPO (mipangilio ya kuongezea RAM kasi) ili RAM irudi kasi yake ya kawaida. Mashine ikitulia kwa siku kadhaa, umempata. Isipotulia, andaa MemTest86 (programu ya kupima RAM) kwenye USB, iache imalize mizunguko yote minne usiku. Kosa moja tu ni kosa. Hakuna "makosa machache yanayokubalika". Ikitoa makosa, jaribu kipande kimoja kimoja kwenye nafasi ileile, ujue kama mbovu ni kipande au nafasi. Migusano ya dhahabu isafishe kwa alkoholi na kitambaa kisichotoa nyuzi.

Hatua ya 6: Draiva na mafaili ya Windows

Ni kwa waliopata msimbo tu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ikimaliza ndipo sfc /scannow. Mpangilio huo una sababu: DISM hutengeneza ghala ambalo sfc huchukulia mafaili mazima. Kwa 0x116, ondoa draiva ya picha kabisa kwa kutumia DDU (Display Driver Uninstaller) ukiwa Safe Mode, kisha weka toleo kutoka kwa mtengenezaji wa kadi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, yangu inajiwasha upya nikicheza gemu tu. Nikiandika au kutazama video inakaa siku nzima. Pawa saplai ni wati 550, na hesabu ya mtandaoni inasema zinatosha.

Jibu: Hesabu hizo hutoa wastani. Kadi za picha hupanda kwa milisekunde chache hadi juu sana ya kiwango kilichoandikwa kwenye boksi, na pawa saplai yenye ulinzi mkali hukata. Punguza kikomo cha nguvu cha kadi hadi asilimia 70 kwa MSI Afterburner, ucheze gemu lilelile. Ikitulia, ni pawa saplai au kebo. Angalia pia kama kadi yenye soketi mbili unailisha kwa kebo moja yenye vichwa viwili; tumia kebo mbili tofauti.

Swali: Mimi ni laptopu, hatua ya 4 siwezi. Nifanyeje?

Jibu: Itenganishie vyanzo. Siku moja tumia betri peke yake, siku nyingine chaja peke yake kama betri inatoka. Ikizimika kwenye betri tu, endesha powercfg /batteryreport, linganisha "Full charge capacity" na "Design capacity". Ikizimika ukiisogeza au ukiugusa waya, ni tundu la chaja. Na betri ikiwa imevimba hadi kuinua kibodi, usiijaribu hata kidogo, itolewe.

Swali: Yangu ni kinyume. Nikiizima kwa "Shut down" inajiwasha tena yenyewe.

Jibu: Zima "Fast startup" kwenye Power Options, chini ya "Choose what the power buttons do". Ikiendelea, zima Wake on LAN (kuwashwa kupitia mtandao) kwenye BIOS. Ukitaka kujua kilichoiamsha kutoka usingizini, powercfg /lastwake hutaja kifaa.

Swali: Haifiki hata Windows. Nembo, giza, nembo, giza.

Jibu: Ingia BIOS uiache hapo dakika 30. Ikikaa, vifaa vya msingi viko sawa, angalia diski na Windows. Ikijiwasha upya humohumo, vua kila kitu: bakiza bodi mama, prosesa na feni yake, kipande kimoja cha RAM, na kadi ya picha ikiwa tu prosesa haina picha yake. Chomoa pia plagi za USB za mbele ya kasha, pini yake moja ikipinda huleta shoti. Kisha rudisha kifaa kimoja kimoja.

Swali: Ndugu, nimenunua UPS lakini umeme ukikatika bado mashine inajiwasha upya. UPS ni feki?

Jibu: Si lazima. Iondolee mzigo kwanza, hasa printa ya leza, ubakize kompyuta na skrini. Kisha chomoa plagi ya UPS ukutani mashine ikiwa imetulia, bila gemu wala kazi nzito. Ikizimika hata hivyo, betri ya UPS imechoka. Ikizimika tu ikiwa na kazi nzito, soma wati za UPS. Si VA, wati, namba ndogo kati ya zile mbili. Zikitosha na bado inazimika, angalia aina ya wimbi: UPS nyingi za bei ya chini hutoa wimbi la ngazi, na baadhi ya pawa saplai zenye PFC hai (saketi ya kurekebisha namna zinavyovuta umeme) hazilivumilii. Hizo zinataka UPS ya wimbi la sine kamili.