Kupunguza wanga ukiwa ughaibuni: pa kuanzia

Wengi wetu tulinenepa baada ya kufika huku, na sababu hazijajificha. Nyumbani ulitembea hadi stendi, ukasimama kwenye daladala au matatu, ukashuka ukatembea tena. Huku unatoka mlangoni unaingia kwenye gari. Baridi inakufungia ndani miezi mitano. Ukiwa wa kubeba boksi usiku au kutunza wazee zamu za saa 12, ndiyo kabisa: unarudi alfajiri umechoka, na kilicho karibu ni mkate na chai ya sukari. Mwendo umepungua, ila mlima wa ugali umebaki ule ule.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kupunguza uzito kwa kupunguza wanga bila kuacha kula chakula cha kwao. Kwenye lebo za Ulaya, kiasi cha wanga cha mtu mzima kwa siku huwekwa kuwa gramu 260. Ukishuka chini ya gramu 130 unahesabiwa kuwa unakula wanga kidogo. Keto ni ngazi nyingine, gramu 20 hadi 50 tu, na mimi simshauri mtu aanzie huko. Gramu 100 hadi 130 zinatosha kuona tofauti, na bado utakaa mezani na watu.

Niseme mapema pia kwamba hakuna uchawi hapa. Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa mwaka 2018 matokeo ya utafiti wa watu 609 waliofuatwa mwaka mzima. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 5.3 kwa wastani, waliopunguza wanga kilo 6.0, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa ya maana. Sababu ninayopendelea njia ya wanga kwa watu wetu ni ya jikoni zaidi: kwenye sahani yetu wanga umekaa rundo moja, unaonekana kwa macho, na kilichobaki pembeni, yaani samaki, nyama, mchicha na kachumbari, ni chakula kizuri tayari.

Dawa kwanza

Usiruke sehemu hii. Kama una kisukari na unatumia insulini, au vidonge kama glibenclamide na gliclazide, ukipunguza wanga bila dozi kupunguzwa, sukari inaweza kushuka hadi ukazimia. Mpigie daktari kabla ya kuanza, siyo baada ya wiki. Wanaotumia dapagliflozin, empagliflozin na ndugu zake wana hatari ya aina nyingine: damu inaweza kuwa na asidi nyingi hata kipimo cha sukari kikionekana cha kawaida. Kichefuchefu, kutapika, maumivu ya tumbo au kuhema kwa shida ni safari ya hospitali, na ukifika taja jina la dawa unayotumia. Vidonge vya presha navyo huenda vikahitaji kupunguzwa kadiri uzito unavyoshuka. Metformin peke yake haina tatizo hilo la kushusha sukari kupita kiasi, lakini bado mwambie daktari.

Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye ugonjwa wa figo, mwenye kisukari cha aina ya kwanza, au aliyewahi kuwa na matatizo ya kujinyima chakula, asianze peke yake.

Ukienda kliniki, omba upimwe sukari ya miezi mitatu, mafuta ya damu na figo, ili uwe na cha kulinganisha baadaye. Uingereza, mwongozo wa taifa unahesabu Mwafrika kuwa na uzito uliozidi kuanzia BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 23, na unene wa kupindukia kuanzia 27.5, chini ya viwango vinavyotumika kwa Wazungu, kwa sababu kisukari kinatuwahi. Kipimo cha nyumbani ni rahisi zaidi: chukua futi ya fundi cherehani, pima kiuno. Kisifike nusu ya urefu wako.

Sahani yenyewe

Pima unga kabla ya kusonga. Ugali ukishaiva uzito wake unategemea maji, kila mpishi na mkono wake, lakini unga mkavu haudanganyi: gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa gramu 75 hivi. Familia ya watu wanne ikisonga unga wa gramu 400, kila mmoja amekula gramu 75 kwa mlo huo mmoja. Ndiyo maana kula sinia moja kunavuruga hesabu, maana hujui umemega mara ngapi. Jipakulie pembeni. Ukisonga gramu 40 za unga kwa ajili yako, ukaukandamiza kwenye bakuli dogo la kachumbari na kuugeuzia sahanini, unapata kibonge cha gramu 30 za wanga. Kinatosha kushikia mboga. Kitu kinachopanda ni kitoweo: paja zima la kuku badala ya kipande, na mboga ijaze nusu ya sahani.

Wali uliopikwa una wanga wa gramu 28 kwa kila gramu 100, na sahani ya kawaida ya mtu mzima inafika gramu 300 za wali bila kushtuka. Chapati ya unga wa gramu 60 ina karibu gramu 45. Maharage kikombe kimoja kilichopikwa ni gramu 27 hivi baada ya kutoa nyuzinyuzi, na yanashibisha, kwa hiyo mimi nayaacha kwenye orodha na kuyafanya wanga wa mlo badala ya nyongeza juu ya wali. Muhogo unawaponza wengi. Watu huukimbilia kwa kuwa ni wa asili, kumbe gramu 100 zina 38, zaidi ya wali. Kiazi mviringo cha kuchemsha kina nusu yake.

Halafu chai. Kikombe chenye maziwa nusu na vijiko viwili vya sukari kina gramu 14 hivi. Wanywaji wa vikombe vinne kwa siku, na tunajuana, wamekula zaidi ya nusu ya sahani hiyo ya wali kwa kunywa. Hapa ndipo ningeanzia kama ningeruhusiwa kubadilisha kitu kimoja tu: toa sukari, acha tangawizi na iliki. Soda ya mililita 330 ina gramu 35, na juisi ya matunda haiko mbali nayo hata ikiandikwa kwamba haikuongezwa sukari.

Asubuhi ni rahisi kuliko inavyosemwa. Supu ya kuku au ya utumbo bila chapati, mayai na parachichi, au kiporo cha mchuzi wa jana. Mtu wa Pwani atauliza kuhusu mahamri na mbaazi. Mbaazi za nazi kula, mahamri weka Jumapili, moja.

Tahadhari moja kuhusu mafuta. Kuna wanaosikia "wanga kidogo" wakamimina mafuta kama wanazima moto. Kopo la tui la mililita 400 lina kalori kama 700. Samaki wa kupaka ni chakula halali kabisa, ila kopo hilo ni la watu wanne.

Unanunua wapi

Usinunue kitu chochote kwa sababu kimeandikwa keto. Mikate, biskuti na chokoleti za namna hiyo ni ghali, na nyingi zinakufanya uendelee kutamani mkate. Unga wa lozi usiusonge ugali, utalia.

Sukuma wiki halisi Marekani iko kila duka kubwa, wanaiita collard greens. Uingereza chukua kale au spring greens, ikatwe nyembamba sana kama ya nyumbani, ikaangwe haraka na kitunguu na nyanya. Mchicha wa kweli utaukuta kwenye maduka ya Wajamaika kwa jina la callaloo, ni mmea wa jamii ile ile. Kisamvu kiko kwenye friza za maduka ya Wakongo, kinaitwa pondu au saka-saka. Wahindi wana bamia, bilinganya, na nazi iliyokunwa ya kugandishwa ambayo ni bora kuliko ya kopo. Kwa protini ya bei nafuu: mayai, mapaja ya kuku yenye mfupa, maini, dagaa, na samaki wa kopo aliyewekwa kwenye maji au nyanya.

Kwa Wahindi hao hao chukua isabgol, maganda ya mbegu ya kulainisha choo. Wiki ya pili utanishukuru. Kijiko kimoja kwenye glasi kubwa ya maji, unywe upesi kabla hakijaganda, na kikae mbali na muda wa dawa zako.

Kusoma lebo, maana nchi hazifanani

Jambo hili linawachanganya hata waliokaa huku miaka mingi, hasa wanaofuata video za Marekani wakiwa Ulaya. Uingereza na Umoja wa Ulaya, namba ya wanga kwenye pakiti imeshatolewa nyuzinyuzi, ambazo zina mstari wake peke yake. Isome kama ilivyo. Marekani na Kanada namba ya wanga imejumlisha nyuzinyuzi, kwa hiyo unatoa mwenyewe: pakiti ikisema 20 na nyuzinyuzi 4, hesabu 16. Ukifanya hesabu hiyo ya kutoa ukiwa London unajidanganya. Ghuba mchanganyiko, bidhaa zinatoka pande zote, tazama imetengenezwa wapi na kwa soko gani.

Tofauti nyingine: Ulaya lazima waandike kwa kila gramu 100, unalinganisha pakiti mbili papo hapo. Marekani wanaandika kwa kipimo cha mlo mmoja, na mfuko unaomaliza mwenyewe ukiangalia mpira unaweza kuwa na milo mitatu. Ujerumani tafuta neno Kohlenhydrate, Uholanzi koolhydraten, Sweden kolhydrat. Mstari wa sukari ulio chini yake ni sehemu ya namba hiyo, usiujumlishe tena.

Wiki mbili za mwanzo

Kilo mbili au tatu zinaweza kuondoka wiki ya kwanza, na hapo watu hupiga picha za mizani. Mengi ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, kama nusu kilo, na kila gramu imeshikilia karibu gramu tatu za maji. Akiba ikitumika, maji yanaondoka na chumvi kidogo. Kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama na misuli kukaza hutokana na hapo. Bakuli la supu yenye chumvi na maji ya kutosha huondoa hali hiyo kwa wengi ndani ya siku chache. Mwenye presha, moyo au figo asiongeze chumvi bila kumuuliza daktari. Baada ya hapo nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri.

Wa zamu za usiku, pika kabla ya kulala na ubebe kontena. Mashine ya vitafunio saa nane usiku haina kitu chako.

Watu

Kwenye sherehe usitoe hotuba. Chukua sahani mwenyewe, anza na nyama na kachumbari, pilau kijiko kimoja kikubwa, na shangazi akikuongezea mwambie, "Asante shangazi, nyama hiyo ndiyo niongeze." Hakuna anayekasirika ukisifia mchuzi wake.

Ramadhani, futuru kwa tende ndogo moja au mbili, zina gramu 6 hivi kila moja. Zile kubwa za Medjool zinafika 18. Kaimati na tambi zisikae mezani siku ile ile, chagua. Mwenye kisukari azungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama.

Na simu ya video kutoka nyumbani itakuja. Mama atasogeza uso kwenye kioo: "Mwanangu, mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Mwambie mapema, kabla hajaona. Kwetu kukonda ghafla kunasomwa kuwa ugonjwa au shida ya pesa, na ukichelewa kusema utakuta umeombewa kanisani.

Uzito ukigoma

Kagua vitu vidogo kwanza. Korosho ndiye mshukiwa wangu wa kila mara: gramu 100 zina wanga wa karibu 30 na kalori zaidi ya 550, na mkono hauhesabu. Karanga zina wanga nusu ya hapo. Kisha embe, kisha ile sukari ya chai iliyorudi kimyakimya.

Ukifika uzito unaoutaka, usirudishe sahani ya zamani kwa mkupuo. Anza na maharage au ndizi mbichi za kuchemsha, kikombe kimoja kwa mlo, upime kiuno baada ya wiki mbili. Kikitulia, ongeza unga wa ugali kutoka gramu 40 hadi 60.