Kabla ya kuweka tone la maji chini ya hadubini

Wanafunzi wa Goma mnaojiandaa kwa zoezi la seli, pangeni mambo mapema. Kioo cha kuwekea tone kiwe safi. Anza na lenzi ndogo. Chora kwa penseli. Seli za shavu pangusa kwa kijiti cha pamba, kisha utie tone la bluu ya methileni, maana zenyewe hazina rangi.

Kubwa ni maji. Niliona darasa zima likihangaika na maji ya bidoni yaliyochotwa Ziwa Kivu na kutiwa klorini, dawa ya kuua vijidudu, pale pale ufukweni, kama inavyofanyika kuzuia kipindupindu. Hakuna kilichotembea. Watoto wakachora mapovu ya hewa, yale maduara yenye ukingo mweusi mnene, wakaandika pembeni "amiba", yule kiumbe wa seli moja. Binti mmoja alilia kupata sifuri, na mchoro wake ndio uliokuwa safi kuliko yote.

Klorini hiyo kidogo tunainywa bila kudhurika. Mwili wetu una matrilioni ya seli zilizogawana kazi: zile za juu ya utando wa tumbo zikifa, nyingine huzaliwa kuchukua nafasi. Paramesiamu, kiumbe mdogo wa majini mwenye seli moja tu, hana wa kumkinga. Seli yake moja ndiyo kinywa, ndiyo miguu, ndiyo figo. Ikipasuka, yeye ameisha. Bakteria wa kipindupindu naye ni seli moja tu, na klorini inammaliza.

Kwa hiyo chota maji ya dimbwi lililotulia, lenye majani yaliyooza, tia nyasi kavu, uache siku kadhaa. Ukimpata paramesiamu, mtazame kwa subira: ndani yake kuna kifuko kinachojaa na kunywea, kinatoa maji yanayoingia mwilini. Seli ya shavu imelala bapa, kiini katikati, haifanyi lolote la namna hiyo. Basi usiandike kwamba seli ya paramesiamu ni duni kuliko yako. Yako imeachiwa kazi chache, na nje ya mwili haidumu. Seli nyekundu ya damu iliyokomaa haina hata kiini!

Usivute maji hayo kwa mdomo. Usielekeze kioo cha hadubini kwenye jua, utaumia jicho. Vijiti vya shavuni msiazimane, vitupeni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chakula, na chupa ya dimbwi isikae karibu na maji ya kunywa, hasa nyumbani kwenye watoto wadogo.