Namna ya Kuupokea Uamuzi wa Baraza la Wazee wa Mahakama

Kesi ya jinai iliyofuatiliwa na taifa zima inapofikia tamati, wengi husikia neno moja tu, ana hatia au hana, na papo hapo huanza kushangilia au kulaani. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo, isome hati ya mashtaka. Wazee wa mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kesi, hawaulizwi kama mshtakiwa ni mtu mwovu. Huulizwa iwapo kila kipengele cha kosa lililotajwa kimethibitishwa, na kila shitaka hupewa jibu lake.

Kesi ya polisi wanne waliompiga Rodney King, dereva Mmarekani mweusi, huko Los Angeles nchini Marekani inaonyesha uzito wa jambo hili. Tarehe 29 Aprili 1992, baraza lililoketi Simi Valley, mji ambao kesi ilikuwa imehamishiwa, liliwaachia kwa takriban mashtaka yote, na katika ghasia zilizofuata walikufa zaidi ya watu 50. Hasira ile ilikuwa na msingi, kwa kuwa watu walikuwa wameiona video ya kipigo. Hata hivyo, kuhusu shitaka moja dhidi ya polisi mmoja, baraza lilishindwa kukubaliana, na kushindwa kukubaliana si kumwachia mtu huru, maana upande wa mashtaka unaweza kuomba kesi isikilizwe upya. Mwaka 1993, katika mahakama ya shirikisho, polisi wawili kati ya hao walitiwa hatiani kwa kuvunja haki za kiraia za King.

Kisha pima kiwango cha ushahidi kilichohitajika. Katika jinai, hatia huthibitishwa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi, ilhali katika madai hutosha kuonyesha kwamba dai linaelekea zaidi kuwa kweli. Ndiyo maana O. J. Simpson, mchezaji maarufu wa zamani wa soka la Kimarekani, aliachiwa katika kesi ya mauaji mwaka 1995, na mwaka 1997 baraza jingine, katika kesi ya madai, likamwona anawajibika kwa vifo vile vile. Kwa hiyo usiandike kwamba mahakama imethibitisha mtu hakutenda kosa, iwapo ilichosema ni kwamba hatia haikuthibitishwa.

Angalia pia idadi ya kura zinazohitajika: tangu mwaka 2020, mahakama zote za Marekani zinataka wazee wote wakubaliane ndipo mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa, lakini Uingereza jaji anaweza kukubali uamuzi wa 10 kati ya 12 mashauriano yakiwa yamechukua muda mrefu.

Ukiyapata maelekezo ya jaji kwa baraza, yasome kwa makini kuliko taarifa yoyote ya habari, kwa kuwa humo ndimo utakamoona sheria iliwaachia nafasi gani. Kumbuka pia kwamba huenda umeona picha au umesikia historia ya mshtakiwa ambayo jaji aliizuia isifike mbele yao.

Ukibaki na uchungu baada ya hayo yote, una haki ya kuusema, tena hadharani. Ila uelekeze panapostahili. Ikiwa sheria inawalinda polisi kupita kiasi, wadai wabunge. Ikiwa upelelezi ulikuwa dhaifu, wahoji wapelelezi na waendesha mashtaka. Ikiwa baraza halikufanana na jamii iliyoumizwa, hoji namna wazee walivyochaguliwa. Usiwasake wazee wenyewe majumbani mwao wala kusambaza majina yao, kwa maana ni raia walioitwa kwa amri ya mahakama, na nchini Uingereza kuwadadisi kuhusu mashauriano yao ni kosa la jinai.