SOMO: Jinsi ya kulinganisha alama za prosesa za laptop

Wakuu, salaam. Watu wawili wenye prosesa ya Intel Core i7-12700H wanabandika alama za programu za kupima kasi zinazopishana kwa maelfu, na ubishi unaanza. Alama bila wati na joto hailinganishwi na chochote.

Hatua ya 1: Kubalianeni kipimo kimoja (programu ya kupima kasi, kama Cinebench au Geekbench) na toleo moja. Cinebench R23 na Cinebench 2024 zina mizani tofauti kabisa, na Geekbench 5 na 6 ni hivyo hivyo.

Hatua ya 2: Chomeka chaja halisi, weka Windows kwenye nguvu ya juu, funga kivinjari.

Hatua ya 3: Washa HWiNFO (programu ya kuonyesha hali ya prosesa) kabla ya kuanza. Andika wati za prosesa, joto na kasi ya viini.

Hatua ya 4: Hapa ndipo penye kazi. Intel imeipa 12700H wati 45 za kawaida na hadi 115 za kupanda kwa muda, na mtengenezaji wa laptop ndiye anayeamua wati ngapi zitadumu. Kwa hiyo laptop nyembamba inaweza kung'ara raundi ya kwanza, kisha joto likigonga nyuzi 100 inakata nguvu. Endesha raundi moja, halafu endesha dakika 10 mfululizo. Bandika zote mbili. Mimi naiamini ya dakika 10, kwa sababu mtu anayerenda video haishii kwenye raundi moja.

Hatua ya 5: Gawanya alama ya dakika 10 kwa wastani wa wati. Aliyepunguza volti za prosesa vizuri (ili itumie wati chache na ipate joto kidogo) ataonekana hapa, hata kama alama yake si ya kwanza. Taja umepunguza milivolti ngapi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwangu ThrottleStop (programu ya kurekebisha volti na wati) imegoma kupunguza volti, sehemu imefungwa.
Jibu: Hiyo imetokana na Plundervolt, udhaifu wa kiusalama wa prosesa za Intel unaotumia njia ya kubadili volti, uliotangazwa Desemba 2019. Watengenezaji wengi walifunga sehemu hiyo kupitia BIOS, programu ya msingi inayowasha kompyuta. Usirudishe BIOS ya zamani kwa kubahatisha, unaweza kuua bodi. Shusha kikomo cha wati badala yake.

Swali: Geekbench haitoshi? Inaisha haraka.
Jibu: Ndiyo shida yake, mkuu. Majaribio yake ni mafupi na yana mapumziko katikati, prosesa inapata nafasi ya kupoa. Inafaa kupima kasi ya kiini kimoja, lakini haitakuonyesha kama feni zinamudu kazi ndefu.

Swali: Mimi niko Dar, jamaa yangu yuko Njombe, laptop zetu ni aina moja. Kanizidi kila mara!
Jibu: Hewa inayoingia kwenye feni zake ni ya baridi zaidi, hivyo anachelewa kufika kikomo. Pimeni joto la chumba mliandike pembeni ya alama. Ukitaka kumkaribia, pima alfajiri, na ukague pasta ya joto (ile inayopakwa kati ya prosesa na kipoozeo) kama imekauka.