Kutoa maji yaliyotuama chini ya vyungu kwenye bustani ya ndani iliyobanana

Jumamosi iliyopita nilishinda kwa wifi yangu, Ilala, ghorofa ya tatu. Ana vyungu 26 kwenye kibaraza cha ndani ambacho watu wawili hawapishani. Mchaichai, mnanaa, kivumbasi, mipilipili, mishubiri miwili mikubwa, na spinachi kwenye ndoo kuukuu za mafuta ya kupikia. Kila chungu kina kisahani chake, na siku ile kila kisahani kilikuwa kimefurika. Mzee wa ghorofa ya pili alishapanda ngazi mara mbili kumwambia kwa upole, "Mwanangu, dari yangu inavuja tena."

Tatizo la bustani ya namna hii ni kwamba huwezi kuinua chungu ukamwage kisahani. Ndoo ya lita kumi yenye udongo uliolowa ni mzigo wa zaidi ya kilo kumi, na ukitaka ile ya ukutani lazima kwanza uhamishe tano za mbele. Kwa hiyo maji yanatolewa chungu kikiwa palepale kilipo.

Wengine watakushauri upunguze maji mpaka kisiteremke chochote. Mimi sikubali. Chungu kinachopewa mbolea kinahitaji kuchuruzika kidogo kila unapomwagilia, la sivyo chumvi za mbolea zinabaki kwenye udongo. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye mdomo wa chungu ndio dalili yake, na baadaye ncha za majani zinaanza kuungua. Acha maji yateremke, kisha yaondoe.

Hatua ya 1: Mwagilia, subiri nusu saa

Basi. Ukitoa maji mapema zaidi utarudia kazi, kwa sababu udongo bado unachuruzika.

Nikiwa hapo niseme kuhusu kokoto. Wifi alikuwa ameweka kokoto chini ya udongo kwenye nusu ya vyungu vyake akiamini zinasaidia maji kutoka. Hazisaidii. Udongo laini hauachii maji kuingia kwenye kokoto mpaka wenyewe ushibe kabisa, kwa hiyo sehemu ya chini ya udongo inabaki tepetepe vilevile, isipokuwa sasa imesogea juu, karibu zaidi na mizizi. Tulizitoa zote.

Hatua ya 2: Pandisha vyungu juu

Usinunue chochote kabla ya kufanya hili. Kreti kuukuu za soda zikipangwa mbili mbili, na ubao juu yake, zinakupa kimo cha karibu nusu mita. Nazipenda kuliko tofali kwa sababu ni nyepesi, hazinyonyi maji, na chini yake panapigwa dekio bila taabu. Zifunge pamoja kwa kamba ya katani au waya, maana mshubiri mkubwa ukiegemea upande mmoja kreti huteleza.

Kama huna nafasi ya kreti, hata kigoda kinatosha kwa chungu kimoja. Jambo la msingi ni kwamba chini ya visahani pabaki nafasi ya kusimamisha ndoo. Sababu utaiona hatua ya nne.

Hatua ya 3: Tafuta mpira mwembamba

Nenda duka la vifaa vya ujenzi, omba ule mpira mwangavu ambao mafundi wanapimia levo. Chukua wenye tundu la milimita 6, urefu wa mita moja na nusu. Usichukue mpira wa bustani, ule mnene wa kijani. Usiokote mpira wa dripu uliokwisha kutumika hospitalini, hata uwe unaonekana safi namna gani.

Mpira mwembamba unaonekana kama utachelewesha kazi, lakini ncha ikiwa nusu mita chini ya kisahani unatoa lita moja kwa chini ya dakika. Na uangavu wake ni muhimu, kwa sababu unapaswa kuona hewa ilipokwama.

Hatua ya 4: Kuvuta maji

Hapa ndipo nilipopoteza mchana mzima miaka miwili iliyopita, nyumbani kwangu, na hapa ndipo wifi aliponiita kutoka kibarazani, "Wifi, maji yamegoma!"

Wakati ule vyungu vyangu vilikuwa sakafuni. Nilitandaza mpira kutoka kwenye visahani mpaka bafuni, nikijua bafu liko chini kidogo kuliko chumba. Maji yalikuja kama nusu kikombe, yakasimama. Nikajaza tena, yakasimama tena. Nikafikiri mpira ni mwembamba mno, nikaenda kununua mnene. Huo haukutoa hata hiyo nusu kikombe. Ilipofika alasiri ndipo nilipokumbuka nilichowahi kuona kwenye ujenzi wa nyumba ya baba: fundi mmoja ameshika ncha moja ya mpira kwenye kona hii, mwenzake ameshika ncha nyingine kwenye kona ile, na maji ndani yake yametulia tuli, hayaendi kwa huyu wala kwa yule. Ndiyo maana wanautumia kupimia. Ncha zikiwa usawa mmoja, maji hayana sababu ya kuondoka. Bafu langu lilikuwa chini ya chumba kwa vidole viwili tu, na vidole viwili husukuma maji polepole mno ndani ya mita tano za mpira, hata povu dogo linayasimamisha.

Kwa hiyo kanuni ni moja: ncha inayotolea maji iwe chini kuliko maji yaliyomo kwenye kisahani, na kadiri inavyokuwa chini zaidi ndivyo maji yanavyokimbia. Mpira unaweza kupanda juu ya ukingo wa chungu njiani, si neno, mradi umejaa maji mwanzo hadi mwisho.

Namna ya kuujaza: zamisha mpira wote kwenye beseni la maji safi, uukoroge mpaka mapovu yaishe, kisha ziba ncha zote mbili kwa vidole gumba ukiwa bado ndani ya maji. Ncha moja ipeleke kwenye kisahani, izame, ndipo uachie kidole. Ncha ya pili ishushe ndani ya ndoo iliyo sakafuni, achia. Maji yataanza mara moja.

Usinyonye kwa mdomo kama wanyonyao petroli. Maji yale yamepita kwenye mbolea, na kama unatumia samadi ya kuku yamebeba vijidudu vya kuharisha.

Sasa yale yanayokatisha maji njiani, maana ndiyo yatakayokuchosha:

Hewa kwenye kilima. Mpira ukipinda juu halafu ukashuka, povu hujikusanya pale juu na kukata mkondo. Mpira mwembamba husukuma povu likatoka nje pamoja na maji. Mpira mnene huliacha likae, maji yakipita chini yake mpaka yanakatika. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu ya ule mpira wangu wa pili.

Ncha kugandamana na kisahani. Ikatwe mshazari, kama unavyokata kalamu ya mwanzi. Ukiikata mraba itashika sakafu ya kisahani na kujiziba yenyewe.

Udongo. Funga kipande cha soksi ya nailoni kwenye ncha kwa uzi. Kiwe cha safu moja tu. Wifi alifunga safu tatu, na ndiyo maana maji yake yaligoma.

Maji mafupi. Kwenye kisahani chenye maji ya kina cha chini ya sentimita moja, mpira utavuta hewa kabla maji hayajaisha. Chomeka kipande cha kigae chini ya upande mmoja wa kisahani, pamoja na chungu chake, maji yakusanyike upande wa pili, na ncha ikae huko. Kiinamo kidogo tu. Vigae hivyo nimeviacha kwa wifi viwe vya kudumu, visahani vyote vimeinamia mbele.

Kuhama. Huna haja ya kujaza mpira upya kwa kila kisahani. Kabla ya maji kwisha kabisa, ikunje ncha ya chini na uibane kwa kibanio cha nguo. Hamisha ncha ya juu haraka, izamishe kwenye kisahani kinachofuata, fungua kibanio. Ukichelewa kisahani kikaisha maji, mpira unajaa hewa na unarudi kwenye beseni. Mkiwa wawili, mmoja juu na mmoja kwenye ndoo, vyungu 26 havifiki hata saa moja.

Hatua ya 5: Yaliyobaki

Bomba la sindano la mililita 60 lenye mdomo mpana, kutoka duka la dawa, kisha kipande cha spongi. Kwa visahani vidogo vya mnanaa na kivumbasi huna haja ya mpira kabisa, anza na bomba.

Hatua ya 6: Sugua kuta za kisahani

Naomba hii usiiruke. Mbu wa Aedes, mwenye madoa meupe miguuni na anayeuma mchana, hutaga kwenye maji madogo ya namna hii, na mayai yake hayaelei, hushikamana na ukuta wa chombo juu kidogo ya usawa wa maji. Kisahani kikikauka mayai yanaweza kusubiri miezi, na ukimwagilia tena yanaanguliwa. Katika joto letu yai linakuwa mbu kwa takriban siku 7 hadi 10. Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, homa inayoenezwa na mbu huyu, mwaka 2014 na tena 2019, na wajukuu wa yule mzee wa chini hucheza kibarazani mchana kutwa. Brashi ya kuoshea chupa za mtoto inapenya hata pale ambapo kisahani hakichomoki. Mara moja kwa wiki, masika na kiangazi.

Hatua ya 7: Maji yaende wapi

Usiyarudishe kwenye vyungu. Yana chumvi uliyotaka kuiondoa, na mmea mmoja ukiwa na ugonjwa wa mizizi utawagawia wenzake wote. Mwaga chooni. Sisi tulipata ndoo moja na nusu, na wifi aliitumia kuvutia choo siku ile maji yalipokatika.

Mpira usuuze kwa maji ya sabuni, kisha utundike msumarini katikati, ncha zote mbili zikining'inia chini, ukauke. Ukiukunja na kuuweka ukiwa na maji ndani, utando wa kijani utaota na hutaweza tena kuona povu lilipokwama.