Jaribu karafuu kwenye maji kabla ya kuiweka kwenye jino

Hili nimeoneshwa na mama muuza viungo soko la Mbuyuni, Moshi. Tumbukiza karafuu kwenye glasi ya maji. Ikizama, au ikielea wima kichwa juu, bado ina mafuta. Ikilala juu ya maji kama kijiti, imeshakauka au imekamuliwa. Hiyo ni ya pilau tu, na hata pilau litalalamika. Nzuri iponde kidogo, iweke juu ya jino linalouma, uing'ate taratibu dakika chache, kisha uitoe. Kuponda ndiko kunakotoa mafuta yenye yujenoli, ambayo hutia ganzi mishipa ya fahamu na kupunguza prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea maumivu na uvimbe. Madaktari wa meno nao huchanganya yujenoli hiyo na unga wa zinki oksaidi kuzibia jino kwa muda. Shavu likivimba, ukipata homa au usaha, karafuu haitakufaa, nenda kwa daktari wa meno. Mafuta yake ya chupa usiyapake fizini bila kuyazimua, yanaunguza, na mtoto mdogo usimpe kabisa.